Tumehamia Seva Mpya: Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa Tena

Uko Maua, umemlipa mkulima wa miraa, salio limepungua lakini meseji haijaingia kwake wala kwako. Gari la Nairobi linangoja. Tafadhali usitume tena kwanza.

Seva ni kompyuta inayotunza hesabu yako. Tukiihamisha, anwani yake mtandaoni hubadilika, na simu zingine hubaki zikiikumbuka ile ya zamani kwa saa kadhaa. Ndiyo maana programu yetu inafunguka kwa jirani yako pale Embu na kwako inakataa. Zima data, uwashe tena. Ikigoma, pakua toleo jipya. Angalia pia tarehe ya simu. Ikiwa imekosea, simu huona cheti cha usalama cha seva kama kimeisha muda na haiunganishi.

Meseji nayo ina njia yake. Pesa huhamishwa na mtambo mmoja, meseji hutumwa na mwingine, na huo wa pili unaweza kubaki nyuma. Kwa hivyo amini taarifa ya miamala. Ikisema "umekamilika", pesa imefika, mwonyeshe mkulima. Ikisema "unashughulikiwa", ngoja. Usipouona muamala kabisa, tupigie.

Kuhama si jambo geni: seva za M-Pesa zililetwa Kenya kutoka Ujerumani mwaka 2015. Matapeli pia wanajua hizi siku. Akipiga mtu akidai "tunasasisha akaunti yako, tupe PIN", kata simu. Sisi hatuhitaji PIN yako kuhamisha seva.