Amplifaya Ichaguliwe na Spika

Mtu wa Cheptais anayetafuta amplifaya hushuka Bungoma mjini au huenda hadi Kitale, na akiingia dukani huuliza kwanza: ina wati ngapi? Boksi humjibu kwa majigambo: wati 3,000, wati 5,000, na herufi PMPO kando yake. Natamani sana mnunuzi aanzie kwingine, kwenye spika aliyoiacha nyumbani au kanisani. Inadai nini?

Kuhusu majigambo ya boksi, geuza chombo nyuma. Karibu na waya wa stima huandikwa kiasi cha umeme kinachovutwa kutoka ukutani. Chombo kinachovuta wati 80 hakiwezi kuipa spika hata wati 80 mfululizo, sembuse 5,000, kwa kuwa sehemu ya nishati lazima igeuke joto. Amplifaya za daraja AB, zile nzito zenye mapezi ya kupozea, hupoteza karibu nusu hata zikikazwa. Za daraja D zaweza kufikisha takriban asilimia 90 kwenye spika. PMPO haina kipimo kinachoeleweka. Isomwe nambari ya RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na isomwe pamoja na omu zake, kipimo cha ukinzani wa spika.

Omu ndizo zinazoamua. Volti 20 zikisukumwa kwenye spika ya omu 8, mkondo wa ampea 2.5 hupita, nao huleta wati 50. Kwenye omu 4 volti zile zile hudai ampea 5 na kutoa wati 100. Kwenye omu 2 ni ampea 10, wati 200. Amplifaya yenye transfoma na transista za kutosha hukaribia kuongeza maradufu kwa namna hii, ilhali dhaifu hutoa wati 50 kwenye omu 8 na pengine 60 tu kwenye omu 4, kisha huanza kuchemka. Ningechagua ya wati 50 inayopanda hadi 100 kuliko ya wati 80 inayogoma.

Tatizo ni kwamba omu 8 zilizoandikwa mgongoni mwa spika hubadilika kulingana na noti inayopigwa. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60268-5 inataka zisishuke chini ya asilimia 80 ya kima hicho, yaani omu 6.4, lakini zipo spika za hi-fi zinazoanguka hadi omu 3 kwenye besi. Quad ESL ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1957, haina koili bali utando wenye chaji, na omu zake hushuka kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Apogee Scintilla ya Marekani, ya miaka ya 1980, ilidai amplifaya ivumilie omu 1. Isitoshe, kwenye spika za utando wenye chaji kama Quad, volti na mkondo haviendi sambamba. Mkondo huwa mkubwa wakati volti za spika ni ndogo, na joto lote linalobaki hubebwa na transista.

Huenda hakuna Scintilla hata moja kwenye miteremko ya Mlima Elgon, lakini mzigo mzito kama huo hutengenezwa kanisani na matangani kwa kuongeza spika moja baada ya nyingine. Spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba hubaki omu 2. Zile zile, zikiwa za aina moja, zikiungwa mbili mbili kwa mfululizo kisha jozi mbili hizo zikawekwa sambamba, hurudi omu 8, na amplifaya inapumua. Fundi akipima kwa mita spika ya omu 8 ataona takriban 6, kwa sababu mita husoma ukinzani wa koili peke yake. Asishtuke.

Kisha kuna umbali, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nje, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika ya matangazo yenye desibeli 97 kwa wati 1 ikipimwa mita 1, ikipewa wati 100 hufikisha desibeli 93 kwa mwombolezaji aliyeketi mita 16 mbele. Spika ya sebuleni yenye desibeli 86, kwa wati zile zile, humfikishia 82. Ili ilingane na ile ya kwanza ingehitaji zaidi ya wati 1,200, na koili yake ingeungua kabla ya hapo. Uani, amplifaya kubwa haiwezi kuiokoa spika ya sebuleni.

Amplifaya ndogo nayo huua spika. Wacha mpigaji litungu wa Kibukusu avute uzi kwa nguvu: kilele cha mshindo huo hupita wastani wa muziki kwa desibeli 10 au zaidi, yaani mara kumi ya nguvu. Ukisikiliza kwa wastani wa wati 10, acha nafasi ya wati 100. Nafasi hiyo ikikosekana, vilele hukatwa, sauti hukwaruza, na nguvu nyingi kuliko kawaida huelekea kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ambayo ndiyo hufa kwanza. Sauti ikianza kukwaruza, punguza papo hapo.

Mwisho ni stima yenyewe. Mwishoni mwa laini ndefu ya kijijini volti 240 zaweza kushuka hadi 200 jioni, watu wanapowasha taa na pasi. Amplifaya ya transfoma ya kawaida hupoteza hapo karibu asilimia 30 ya nguvu yake. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240, yenye usambazaji wa kisasa wa umeme, haitikisiki sana. Hewa nayo ni nyepesi: huko Kitale, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko Mombasa, na hupoza mapezi kwa shida zaidi. Amplifaya iachiwe nafasi juu na pembeni, na kile kitambaa cha kufuma kinachofunika redio katika nyumba nyingi kiondolewe kabla ya kuwasha.