Katavi: Jina Lililotoka Mkwajuni

Wabende husimulia kwamba Katabi ni mzimu unaokaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Masimulizi hayo bado yako hai, maana hadi leo wapo wanaokwenda kuweka sadaka chini ya mti huo. Kutoka mtini jina lilihamia ziwani. Mwaka 1974 likapewa hifadhi ya taifa, iliyopanuliwa mwaka 1998 hadi kilometa za mraba 4,471. Na Mkoa wa Rukwa ulipomegwa mwaka 2012, mkoa mpya wenye makao makuu Mpanda nao ukaitwa Katavi.

Mwanafunzi wa Mpanda akitaka kuuona mkoa huo kwenye ramani hufungua atlasi, kitabu chenye jina lililosafiri vivyo hivyo. Kwa Wagiriki wa kale, Atlas alikuwa jitu la ukoo wa Titani lililopigana na miungu likashindwa, Zeus akalihukumu kubeba mbingu. Wengi hudhani alibebeshwa dunia. Hapana, ni mbingu. Wapo wataalamu wanaolihusisha jina hilo na neno la Kigiriki lenye maana ya kubeba au kustahimili, na wapo wanaolitafutia asili kwa Waberber wa Afrika Kaskazini, ambao mlima huuita adrar. Milima ya Moroko na Aljeria inaitwa Atlas, na Bahari ya Atlantiki imepata jina humo humo. Kwa madaktari, atlasi ni pingili ya kwanza ya shingo, ile inayobeba fuvu. Kitabu cha ramani cha mchora ramani Gerardus Mercator, kilichoitwa Atlas, kilitoka mwaka 1595, mwaka mmoja baada ya kifo chake, naye alimkusudia Atlas mwingine kabisa: mfalme wa Mauretania aliyesifika kwa elimu ya nyota.

Hata hivyo, naona tofauti kubwa. Hakuna tena anayempelekea Atlas sadaka. Katabi bado ana mti wake na ziwa lake, na ziwa hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ni uwanda wa mafuriko unaotegemea Mto Katuma: masika maji hutanda, kiangazi hubaki nyasi na tope lililopasuka. Hapo viboko hujibana kwa mamia kwenye madimbwi machache, migongo ikigusana, na mamba hujificha kwenye mapango ya kingo za mto. Maji yakichepushwa huko juu kumwagilia mpunga, Katuma hukauka mapema zaidi, na viboko huanza kuumizana wakigombea tope.