Sega la nyuki kifuani: Kovu la mapafu si moja

JUMA lililopita jirani yangu aliniletea ripoti ya skani ya kifua chake, imeandikwa Kiingereza. Nikamfafanulia kwamba mapafu yake yana makovu mfano wa sega la nyuki. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa nyuki wamefika vipi kifuani?" Tulicheka, lakini swali lile lilinikaa.

'Sega' hapa si pambo la lugha. Ni ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, ambao madaktari huutumia kutenga ugonjwa mmoja na mwingine.

Ruwaza ya kwanza ilielezwa na Averill Liebow wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka ya 1960. Tishu yenye kovu hukaa bega kwa bega na tishu nzima, na kovu kuukuu kando ya kovu bichi. Makovu huanzia pembezoni na chini ya mapafu. Vifuko vya hewa hubomoka, yakabaki matundu yenye kuta nene. Hilo ndilo sega.

Katika ruwaza ya pili, makovu huenea sawasawa, kana kwamba yote yalizaliwa siku moja. Ya tatu huandama vijia vya hewa, pamoja na vinundu vidogo vya seli za kinga. Mara nyingi mgonjwa amekuwa akivuta vumbi la kinyesi cha ndege au la nyasi zilizoota kuvu.

Je, yote haya yamhusu nini mgonjwa? Sana! Dawa za kutuliza kinga ya mwili aghalabu humfaa mwenye ruwaza ya pili. Wa tatu sharti kwanza aepushwe na kinachomdhuru. Ama ugonjwa wa makovu usiojulikana chanzo, wenye ruwaza ya kwanza, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulibaini kwamba mchanganyiko wa dawa tatu, mbili zikiwa za kutuliza kinga, uliongeza vifo.

Kwa hivyo kusema tu "mapafu yameharibika" ni kumnyima mgonjwa habari. Napendekeza tuseme 'kovu la sega', 'kovu sawia' na 'kovu la vijia'.

Hata hivyo, kovu la vijia likikomaa nalo huweza kufanya sega. Ndiyo maana daktari alimuuliza jirani yangu kama anafuga njiwa. Yeye alidhani ni udaku tu, akanyamaza. Anao arubaini. Nimemsihi arudi akaseme.