Yakimwagika Hayazoleki

Mafuta yote yaliyotoka katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Meksiko, mwaka 2010, usiku na mchana kwa siku 87, dunia ya wakati huo ilikuwa ikiyateketeza kwa muda usiofika saa moja na nusu. Serikali ya Marekani ilikadiria kuwa kisima kilitoa mapipa milioni 4.9, mahakama baadaye ikasema milioni 3.19 ndiyo yaliyoingia baharini. Chukua hesabu unayotaka. Matumizi ya dunia mwaka ule yalikaribia mapipa milioni 88 kwa siku, na leo yamezidi milioni 100.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ajali za mafuta baharini tumezoea kuzisoma kama kesi ya mhalifu. Kampuni ya BP ilikuwa na kisima, Transocean walikuwa na mtambo wa Deepwater Horizon, Halliburton walitia saruji, na mahakama ikagawa lawama. Walistahili. Lakini hukumu haikugusa swali la msingi: watu 126 wa mtambo huo walifuata nini zaidi ya kilomita 60 kutoka pwani ya Louisiana, wakitoboa ardhi iliyofunikwa na mita 1,500 za maji? Mwaka 1947, kisima cha kwanza cha ghuba hiyo kuchimbwa mahali ambapo nchi kavu haionekani kilikuwa kwenye maji ya mita 6 hivi. Mafuta ya karibu yalipoanza kupungua na mahitaji yakazidi kupanda, wachimbaji walisogea, wakasogea tena, hadi wakafika mahali ambapo mzamiaji hawezi kushuka na kila nati hukazwa na roboti.

Kisima kinachochimbwa huzuiwa kwa uzito. Hujazwa tope maalumu, zito kuliko maji, ligandamize mafuta na gesi yasipande. Uchimbaji ukiisha, chini hutiwa saruji, tope hutolewa, na maji ya bahari huchukua nafasi yake. Hapo ndipo penye hatari, maana maji ni mepesi na kinachobaki kuzuia ni ile saruji. Ndiyo sababu kabla ya kulitoa tope hufanywa jaribio: presha ndani ya kisima hushushwa hadi sifuri, kisha watu hutulia na kutazama geji. Ikibaki sifuri, saruji imeshika. Ikipanda, kuna kitu kinaingia.

Jioni ya tarehe 20 Aprili 2010 ilipanda. Geji ya bomba la kuchimbia ilisoma pauni 1,400 kwa inchi ya mraba. Ile ya bomba dogo la pembeni ikasoma sifuri. Mabomba yote mawili yanaingia kisima kilekile, kwa hiyo geji hizo haziwezi kusema kweli kwa pamoja. Waliokuwa zamu walijadiliana, wakapata maelezo ya kuiondolea uzito ile 1,400, wakaiamini ile sifuri. Kazi ilikuwa nyuma ya ratiba kwa wiki kadhaa na kukodi mtambo kuligharimu zaidi ya dola 500,000 kwa siku. Siku hiyohiyo wakubwa wa BP na Transocean walikuwa mtamboni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi. Saa 3:49 usiku gesi ikalipuka. Watu 11 walikufa.

Kulikuwa na kinga ya mwisho kwenye mdomo wa kisima, chini kabisa: rundo la vali lenye kimo cha jengo la ghorofa tano, lililofungwa visu vya chuma vya kulikata bomba na kuziba. Visu vilishindwa, kwa sababu nguvu ya kisima ilikuwa imelipinda bomba likasogea pembeni mwa makali. Siku mbili baadaye mtambo ukazama, na kisima kikabaki wazi.

Mwezi Mei lilishushwa sanduku la chuma la kukinga mafuta. Katika baridi na presha ya kina kile, gesi na maji vikaungana kuwa kitu kama barafu, mdomo wa sanduku ukaziba. Wakajaribu kusukuma tope zito kutoka juu, kisima kikalitapika. Kifuniko cha kubana barabara kilipatikana tarehe 15 Julai. Kisima chenyewe kilithibitishwa kimekufa mwezi Septemba, baada ya kingine kuchimbwa ubavuni mwake na kukifikia kwa chini.

Huku juu, maelfu ya vyombo na makumi ya maelfu ya watu walipelekwa kuyazoa. Wanasayansi wa serikali walikadiria kwamba yaliyokusanywa juu ya maji yalikuwa kama asilimia 3. Vizuizi vinavyoelea, ambavyo tunaviona sana kwenye picha, hufanya kazi bahari ikitulia. Wimbi la kadiri tu huyarusha mafuta upande wa pili. Zikamwagwa karibu lita milioni 7 za kemikali. Kemikali hizo haziyaondoi mafuta, huyavunja kuwa matone madogo yanayozama na kusambaa. Ndege na kasa wa juu wanapata nafuu, mayai ya samaki na vijidudu vya chini vinabeba mzigo. Mtu aliyetoa ruhusa ile alikuwa anachagua nani aumie. Katika Ghuba ndogo ya Barataria, madaktari wa wanyama waliwakuta pomboo wana maradhi ya mapafu, na wengi walioshika mimba hawakupata ndama aliye hai.

Hasira za wananchi zilielekezwa kwenye vituo vya mafuta vya BP. Watu walivisusia, wakaenda kujaza tangi kituo cha jirani. Louisiana yenyewe ilionyesha fundo lilivyokaza. Mji wa Morgan City una tamasha la kila mwaka la kuadhimisha kamba wa baharini na mafuta kwa pamoja, maana katika familia moja huyu anavua na yule anafanya kazi mtamboni. Sehemu kubwa ya bahari ilipofungwa kwa uvuvi, wavuvi wengi walikodiwa na BP kutandaza vizuizi, boti zao zikiunguruma kwa dizeli. Rais Obama aliposimamisha uchimbaji wa kina kirefu, upinzani mkali ulitoka Louisiana, jimbo lililokuwa limechafuliwa kuliko mengine, na amri ikaondolewa Oktoba. Siwezi kuwalaumu watu wa kule. Aliyejengewa maisha yote juu ya kitu kimoja hana uhuru wa kukikataa hata kikimdhuru.

Kwetu hali haiko mbali. Petroli na dizeli karibu zote tunazotumia Tanzania na Kenya huja kwa meli. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, ambako meli zitapakia mafuta ghafi yenye nta, ambayo yasipopashwa moto njiani huganda. Mikoko ya pwani hiyo hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni. Ikipakwa mafuta, inakosa hewa na kufa. Huku kusini, gesi ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara imegunduliwa, katika baadhi ya visima, chini ya maji yanayozidi mita 2,000, kina kikubwa kuliko cha Macondo. Gesi haiwezi kuipaka pwani weusi kama mafuta, lakini kisima cha gesi kikishinda saruji kinaua watu wa mtamboni vilevile.

Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, inabeba abiria ambao jana wangepanda basi la dizeli. Hatua za namna hiyo ndizo zinazopunguza sababu ya kwenda kutoboa mbali zaidi, na zinastahili fedha nyingi kuliko zinavyopewa. Wakati huohuo uchimbaji utaendelea, na baada ya Macondo kampuni za mafuta zilitengeneza vifuniko vya dharura na kuviweka tayari katika bandari chache duniani. Katika Afrika kimoja kimewekwa Saldanha, Afrika Kusini, upande wa Atlantiki. Kuna maswali ya kuulizwa kabla ya kutia saini leseni ya kuchimba bahari yetu: kifuniko hicho kitaletwa na meli ipi, kitafika baada ya siku ngapi, mtambo wa kuchimba kisima cha pili ubavuni utatoka wapi, na fedha za kazi hiyo zimewekwa benki gani leo.