Hitilafu za umeme wa jua nyumbani
Hitilafu za umeme wa jua nyumbani ni kasoro za mfumo usiounganishwa na gridi ya taifa, wenye paneli, kidhibiti chaji, betri na taa. Huko Mgeta, wilaya ya Mvomero, katika Milima ya Uluguru, ukungu hupunguza chaji kwa siku kadhaa, na mara nyingi betri hulaumiwa kabla ya kupimwa.

Kazi huanza na mita. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa chache husoma takriban 12.7, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Paneli yake, ikichomolewa juani, hutoa takriban volti 18 hadi 22. Ikitoa hizo lakini betri haichaji, kagua fyuzi, waya na vichwa vya betri: unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Hata kivuli cha jani moja la mgomba hupunguza sana umeme, kwa kuwa seli zimeungwa mfululizo.

Betri inayojaa mchana na kuzimika mapema usiku imechoka. Inayofunguka huongezwa maji ya betri, si asidi wala maji ya mtoni. Gesi yake hulipuka, hivyo kibatari kisisogezwe. Unapofungua mfumo, ondoa paneli kwanza, betri mwisho.