Basari ya Wadi: Mwanafunzi Ana Haki ya Kuuliza

Kila muhula, wapo wanafunzi wa Kitale na Bungoma wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wengi hujiuliza: basari ya wadi ilipewa nani, na kwa vigezo gani? Kuuliza hivyo si utovu wa nidhamu. Ni haki, na sheria imeweka njia ya kupata jibu.

Kwanza, mwanafunzi ajue wadi yake. Kaunti ya Trans Nzoia ina wadi 25 na Bungoma ina 45, na kila kaunti ina bajeti na bunge lake. Anayesomea Kitale lakini kwao ni Bungoma aanzie katika ofisi ya wadi ya nyumbani.

Pili, aulize mapema. Pesa zikishagawanywa, malalamiko huwa yamechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufanyika kabla ya bajeti kupitishwa, na hapo ndipo fungu la basari hujadiliwa.

Tatu, aandike. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuliwasilisha hakulipiwi, ingawa kunakili nyaraka kunaweza kutozwa ada. Mwombaji anaweza kuuliza kiasi kilichotengwa, vigezo vilivyotumika na idadi ya walionufaika. Siri za familia nyingine, kama vile ugonjwa au mapato, zinalindwa na sheria. Ombi likikataliwa au likikosa jibu, hatua inayofuata ni Tume ya Haki ya Utawala.

Anayedai uadilifu naye awe mwadilifu. Asitie sahihi karatasi asiyoisoma, wala kuandika majina ya wasiohudhuria kikao. Asisambaze orodha ya walionufaika kabla ya kuithibitisha. Kama ana jamaa katika kamati ya basari, aseme wazi. Maoni yanayotolewa kwa sababu ya nauli au soda ya mwanasiasa si maoni yake tena. Na wakiamua kuandamana, Kifungu cha 37 kinawalinda wanaoandamana kwa amani na bila silaha.

Barua fupi inatosha: jina, anwani, habari inayotakiwa na mwaka wa fedha unaohusika. Mwanafunzi abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi, na huhesabiwa kuanzia siku barua ilipopokelewa.