Kwa nini namba za vyombo vya Star Trek hazilingani

Mtoto anayekulia hapa Stratford anaweza asijue kutofautisha mchicha na matembele, lakini mwulize namba ya chombo cha Enterprise, atakutajia bila kukohoa: NCC-1701. Mpwa wangu ni mmoja wao. Ana daftari zima la vyombo vya angani vya Star Trek ambavyo namba zao, kwa hesabu yake, ni za uongo. Wazazi na walezi wenzangu, tusiwapuuze watoto wa namna hii. Swali lao ni zuri, na majibu yake yapo.

Kwanza, tamthilia hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Ilipoanza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, sehemu ya kwanza kabisa ilikuwa na Kiswahili ndani yake: kiumbe aliyejigeuza mwanamume alimsemesha Uhura kwa lugha yetu. Na jina Uhura lenyewe limechongwa kutoka neno uhuru. Kwa hiyo tuna haki ya kukaa sofani na kukosoa.

Aliyeichora Enterprise, Matt Jefferies, alikuwa rubani. Herufi za NCC alizitoa kwenye usajili wa ndege: zamani ndege za kiraia za Marekani zilianza na NC, naye akaongeza C moja. Alieleza kwamba 17 ni muundo wa kumi na saba, na 01 ni chombo cha kwanza cha muundo huo. Tarakimu 3, 6, 8 na 9 aliziepuka kwa sababu kwa mbali husomeka vibaya. Nilipolijua hilo nilimheshimu sana mzee yule. Muuguzi yeyote aliyewahi kusoma dozi iliyoandikwa kwa mkono saa tisa usiku anajua 3 na 8 zinavyofanana.

Basi utaratibu ulikuwepo. Ulivunjika mwaka 1967, kilipotokea chombo kingine kiitwacho Constellation, chenye umbo lile lile la Enterprise lakini namba NCC-1017. Kwa hesabu ya Jefferies huo ungekuwa muundo wa kumi, chombo cha kumi na saba. Mbona basi kinafanana na muundo wa kumi na saba? Mashabiki wamejibu kwamba kilikuwa chombo cha zamani kilichofanyiwa ukarabati mkubwa. Jibu la kweli liko karakana: hawakuwa na fedha wala muda wa kujenga modeli mpya, wakanunua ile ya plastiki ya kuunganisha inayouzwa madukani na kampuni ya AMT. Ndani ya boksi mlikuwa na stika za 1701. Wakazipanga upya tarakimu zile zile, ikawa 1017. Basi.

Kisa cha Yamato kinachekesha zaidi. Mwaka 1988 kilitajwa kwa namba NCC-1305-E. Mwaka 1989 kikarudi na NCC-71807. Hapa mashabiki wana bahati, maana Yamato ile ya kwanza ilikuwa mazingaombwe ndani ya hadithi yenyewe, kwa hiyo wanasema mazingaombwe hayana wajibu wa kuwa na namba sahihi. Ni utetezi mzuri, kwa kweli. Mwanasheria angelipwa kwa huo.

Kuna tofauti nyingine ambazo hadithi yenyewe imezibeba. Enterprise ya filamu ya mwaka 1979 haifanani na ya 1966, lakini filamu inasema wazi kwamba imejengwa upya. Na chombo kipya cha mwaka 1986 kilipewa namba ya zamani na herufi moja mwishoni, 1701-A, kwa heshima. Mpwa wangu hizo nazo alikuwa ameziweka kwenye orodha ya uongo. Tumezifuta.

Nilichomfundisha ni kuuliza: nani aliibandika namba hii, na kwa kazi gani? Swali hilo linafaa hata nje ya televisheni. Tazama picha za East African Airways. Ndege zake tano za Super VC10 ni za kampuni moja, lakini nyingine zimeandikwa 5H, nyingine 5Y, nyingine 5X. Asiyejua atasema ni ovyo. Anayejua ataona Tanzania, Kenya na Uganda, nchi tatu zilizoimiliki kampuni hiyo pamoja hadi ilipokufa mwaka 1977.

Wodini hatuna anasa ya nadharia. Namba ya NHS ina tarakimu 10, na ya mwisho hukokotolewa kutoka zile 9 za mwanzo, hivyo ukibadilishanisha tarakimu mbili, hesabu inakataa. Bangili ya mgonjwa isipolingana na faili, tunasimama hapo hapo.

Na karatasi zetu je? Cheti cha kuzaliwa kinasema Halima, pasipoti inasema Halimah, tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1 kwa sababu karani hakuambiwa siku. Sababu ipo na ni ya kawaida, ila mbele ya afisa wa uhamiaji hakuna shabiki atakayekutungia utetezi. Tafuteni hati ya kiapo mapema, wakati bibi aliyeshuhudia uzazi bado yupo wa kuulizwa.

Kwa mliopo London wenye watoto wa daftari: shukeni na Jubilee kutoka Stratford hadi Waterloo, kisha treni ya Weybridge, mwende Jumba la Makumbusho la Brooklands. Pale kuna VC10 iliyokuwa ya Sultan Qaboos wa Oman, imetunzwa tangu 1987. Kabla ya Oman ilikuwa ya kampuni ya Uingereza, ikiitwa G-ASIX. Sasa imeandikwa A4O-AB. Kinachofuata ile 4 ni herufi O, si sifuri, ingawa watu wazima wengi huiandika sifuri. Mwacheni mtoto aisome kwa sauti kabla hamjamwambia.